Ofisi ya mawakili: pima pesa kwanza, alafu mpime bosi

Nimeshika hesabu za ofisi za mawakili hapa Dar miaka kadhaa sasa, na naomba usidanganywe na makochi ya ngozi pale mapokezi. Ofisi inaweza ikawa bize kutwa nzima, leo Kisutu kesho Mahakama Kuu, na ikifika tarehe 28 bosi anapiga simu huku na huku akitafuta mshahara wa karani. Kuikagua mwenyewe wikiendi moja inatosha, andaa chai tu.

Anza na invoisi. Kusanya zote za miezi 12 iliyopita ujumlishe, alafu jumlisha zile ambazo hazijalipwa. Tuseme ulitoa za milioni 120 na milioni 40 bado ziko nje, basi 40 gawa kwa 120 zidisha mara 365, inakuja kama siku 122. Yani kazi unafanya leo, hela unaiona miezi minne baadaye, na mwenye nyumba hasubiri. Hapo bado VAT, maana ukishatoa invoisi ile asilimia 18 inadaiwa hata kama mteja hajatuma senti, tarehe 20 ya mwezi unaofuata TRA, wale wa mamlaka ya mapato, wanataka ritani na hela yao. Kwa hiyo mteja anayechelewa unamkopesha jasho lako na kodi unamlipia. Na kampuni ikikulipa ikakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, yani kodi yako wanayoikata wao na kuipeleka TRA, dai cheti cha makato hayo siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwaka mhasibu wao kashahama kazi.

Ila deni baya zaidi ni lile ambalo halijafika hata kwenye invoisi. Ofisi moja, jina silitaji, nilifungua droo ya bosi natafuta stepla nikakuta rasimu za invoisi kumi na moja zimebanwa na klipu, ya chini karatasi imeshageuka njano, kila moja ina kikaratasi kimeandikwa "nitapitia". Hukumu zilishatoka zamani! Sasa na wewe nenda kabatini, faili moja moja, uliza kazi ya mwisho ilifanyika lini na invoisi ya mwisho ilitoka lini. Tarehe zikipishana miezi mitatu hiyo faili iweke pembeni, inasubiri invoisi.

Akaunti ya wateja, ile ya benki mnayowatunzia hela zao, sina maneno mengi. Jumlisha unachomshikia kila mteja, linganisha na salio la benki. Vitabu vinasema milioni 38 na benki ina 31? Acha kila kitu utafute hiyo saba leo, hela ya mteja haijawahi kuwa mkopo wa ofisi, na Kamati ya Mawakili, wale wanaosikiliza malalamiko ya nidhamu ya mawakili, hawaangaliagi kama ulikuwa na nia ya kurudisha. Angalia pia kama mteja mmoja anakuletea zaidi ya nusu ya mapato, benki fulani au kampuni fulani, maana huyo akihama na wewe umefunga.

Haya, bosi. Mara nyingi ugonjwa wote unaanzia kwake, na si kwamba ni mtu mbaya, ni wakili mzuri sana ambaye hakuna siku alifundishwa kuendesha biashara. Kila barua lazima asaini yeye, kila invoisi aione yeye, na yeye yuko mahakamani Dodoma. Jaribu hivi, azime simu siku tano uone nini kinakwama, andika orodha, hiyo orodha ndo kazi ya kugawa. Barua za kawaida na invoisi chini ya kiasi mtakachokubaliana asaini wakili mwingine. Mkiwa mapatna, yani wenye ofisi, wawili au watatu, mmoja ashike uendeshaji na mumpunguzie kesi, msimwongezee tu cheo, alafu mgao wa faida muuandike kabla hela haijaingia, ikishaingia hakuna undugu tena.

Jumatatu saa mbili asubuhi kaeni nusu saa, na vijana wawepo. Mnaangalia tarehe za ukomo kwanza, ile notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tu na hazimsubiri bosi arudi safari, kisha invoisi gani zinatoka wiki hii na nani anampigia nani simu ya deni. Bosi aongee mwisho. Akiongea kwanza wale mawakili wachanga wanaitikia "sawa mkuu" na hutajua faili gani imelala, utakuja kujua mwezi wanaacha kazi.

Zile rasimu kumi na moja tulizituma zote Ijumaa moja mchana. Nne zililipwa ndani ya mwezi, mteja mmoja akauliza mbona mmechelewa hivyo, alidhani tumemsamehe. Zilizobaki bado nazifukuzia.