Kutengeneza Pektinasi kwa Maganda ya Machungwa na Kuvu

Pektinasi ni kimeng'enya kinachovunja pektini, yaani kitu kinachoshikamanisha seli za matunda, na viwanda vya juisi hukitumia ili matunda yakamulike vizuri na juisi itoke angavu. Katika maeneo ya machungwa kama Muheza, maganda yanayotupwa yanaweza kuwa malighafi yake.

Osha maganda mara mbili kwa maji ya moto, yaanike, kisha uyasage yawe chenga. Uoshaji usirukwe, kwa sababu maganda yana mafuta ya limonene yanayodumaza kuvu, na yana sukari pia. Kuvu hutoa pektinasi pale inapolazimika kuitafuta riziki yake ndani ya pektini. Ikikuta sukari iliyo tayari, utavuna kuvu nyingi na kimeng'enya kidogo.

Changanya gramu 50 za chenga na gramu 50 za pumba za ngano, ongeza mililita 150 za maji, kisha uupike mchanganyiko kwa mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi joto 121 kwa dakika 20. Mchanganyiko ukipoa, pandikiza mbegu za kuvu iitwayo Aspergillus niger zilizotoka katika maabara inayoijua aina hiyo kuwa haitoi sumu. Nasisitiza jambo hili: usichukue kuvu iliyoota yenyewe kwenye mkate au mahindi, kwani huenda ikawa Aspergillus flavus, inayotengeneza sumukuvu. Vaa barakoa daima, maana mbegu zake hupeperuka kama vumbi.

Tandaza tabaka lisilozidi sentimita 3, ufunike kwa kitambaa safi, na uhifadhi kwenye nyuzi joto 30 kwa siku nne hivi. Kuvu inapokua huzalisha joto lake yenyewe, na tabaka nene huungua katikati huku juu likionekana zima. Kwa hiyo lipime kwa kipimajoto na ulivuruge mara moja kwa siku.

Loweka mavuno katika maji safi lita 1 kwa nusu saa, kamua, chuja, na uweke kwenye jokofu. Masalia yachemshwe kabla ya kutupwa.

Kwa majaribio, tia kimiminika hicho katika kikombe kimoja cha juisi, na kiasi kilekile kilichochemshwa (kuchemsha huharibu kimeng'enya) katika kikombe cha pili, kisha uviweke kwenye nyuzi joto 45 kwa saa mbili. Juisi hizo zisinywewe. Pektinasi ikiwapo, juisi ya kwanza itakuwa nyepesi na kutuama. Zikibaki sawa, kagua kwanza namna ulivyoosha maganda.