Kukaza mgongo ulioliwa na saratani

Mionzi huua seli za saratani, lakini haisimamishi pingili iliyobonyea. Ndiyo maana swali la kwanza ni kama mgongo bado unaweza kubeba mwili. Maumivu yanayokuja mgonjwa akiketi au akisimama, kisha yakatulia akilala, huonyesha mgongo umelegea. Yanayomwamsha usiku mara nyingi ni ya uvimbe wenyewe.

Pima kwa alama za SINS (kipimo cha uimara wa mgongo wenye saratani), 0 hadi 18. Chukua pingili ya 12 ya kifua: iko kwenye maungio ya kifua na kiuno (3), inauma akisimama (3), mfupa umeliwa (2), umebonyea zaidi ya nusu (3), sehemu ya nyuma imeshambuliwa upande mmoja (1), mgongo bado umenyooka (0). Jumla ni 12. Ukipinda tu, ongeza 2, na 14 ni mgongo usio imara. Kuanzia 7, daktari wa upasuaji amwone.

Miguu ikianza kuishiwa nguvu, mpe deksamethasoni (dawa ya steroidi) miligramu 10 kwenye mshipa, halafu 16 kwa siku kwa dozi zilizogawanywa. Fuatilia sukari. Saratani ya figo na ya tezi ya thairoidi huvuja damu vibaya sana, kwa hiyo mishipa inayolisha uvimbe huzibwa saa 24 hadi 48 kabla ya kupasua.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Hesabu pingili kwa eksirei, kisha uhesabu tena. Kwa kawaida skrubu huingia pingili mbili juu na mbili chini ya iliyoharibika, pande zote: skrubu 8, fito 2. Mfupa ukiwa laini, tumia skrubu zenye matundu na saruji ya mifupa, mililita 1 hadi 2 kila moja, ikishakuwa nzito kama dawa ya meno. Ikiwa majimaji hukimbilia kwenye vena hadi mapafuni, hivyo usisukume bila kutazama eksirei.

Usihangaike kung'oa uvimbe wote. Mionzi ya kulenga ikiwa ipo, nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya uvimbe na neva inatosha.

Mionzi hungoja kidonda kifunge, takriban wiki 2 au zaidi. Ngozi iliyokwisha kuchomwa na mionzi hufumuka kwa urahisi, kwa hiyo mwenye alama 13 au zaidi aonwe na mpasuaji kabla hajapangiwa mionzi.