Mgeni Akiharibu Kitu kwa Bahati Mbaya, Nani Alipe? Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Kupangisha kwa Siku Bagamoyo

Ninasimamia nyumba chache za wageni hapa Bagamoyo kwa niaba ya wenyewe, ambao wengi wao wanaishi Dar es Salaam. Siku moja maji yalikatika asubuhi. Mgeni alifungua bomba la jikoni, hayakutoka, akaliacha wazi, kisha akaenda na familia yake kutazama magofu ya Kaole. Maji yakarudi jioni nyumba ikiwa haina mtu, na sahani moja ilikuwa imeziba tundu la sinki. Zulia, magodoro mawili yaliyotandikwa chini kwa ajili ya watoto na mlango wa kabati vikalowa. Hasara ilifika shilingi 360,000, na hakuna aliyekusudia ubaya wowote. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata tangu siku hiyo.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya uharibifu

Usianze kudai kabla hujajua unadai nini. Upepo wa bahari unakula bawaba, feni na migongo ya friji, na kamba za kitanda hulegea kwa kulaliwa. Huo ni uchakavu wa kawaida, na mwenye nyumba ndiye anayeubeba, hata kama kitu kimekatikia mikononi mwa mgeni. Umeme ukipanda ghafla na kuunguza televisheni, mgeni hahusiki pia. Lakini pasi ikiunguza shuka, au mtoto akipiga mpira ukapasua kioo cha meza, hiyo ni ajali iliyotokana na tendo la mgeni, naye anapaswa kulipa. Kutokukusudia kunamwondolea lawama, hakuondoi hasara iliyompata mwenye mali.

Hatua ya pili: andika makubaliano kabla ya kupokea fedha

Kwa mgeni anayekuja moja kwa moja bila kupitia Airbnb au jukwaa jingine la mtandaoni la kukodisha nyumba, andika ukurasa mmoja tu: mgeni atafidia uharibifu anaousababisha yeye au watu wake, uchakavu haumhusu, na amana, yaani fedha anayoiweka kama dhamana, itarudishwa baada ya ukaguzi. Ambatanisha orodha ya vitu vya thamani, bei vilivyonunuliwa na mwaka. Amana iandikwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zimezuia kutoza na kutaja bei kwa fedha za kigeni hapa nchini.

Wengi huandika kwamba atakayevunja chochote atalipa shilingi laki tano. Sikushauri. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa mdai fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Hakimpi kiasi chote kwa sababu tu kimeandikwa. Kikombe kilichovunjika hakiwezi kugeuka laki tano.

Hatua ya tatu: piga picha pande zote mbili za safari

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu madai mengi niliyoyaona yakishindwa yalishindwa hapa. Piga picha za kila chumba asubuhi ya siku mgeni anapoingia, kutoka pembe zile zile, kisha rudia mara anapoondoka na kabla mgeni mwingine hajakabidhiwa ufunguo. Funua godoro, washa kiyoyozi, fungua friji, piga picha ya sakafu chini ya kitanda. Dada wa usafi apewe nusu saa ya kukagua kabla hajaanza kufagia, maana ufagio huondoa vipande vya kioo pamoja na ushahidi wake. Picha zitumwe kwa simu siku hiyo hiyo ili tarehe yake isibishaniwe.

Hatua ya nne: kokotoa hasara halisi

Matengenezo yatangulie ununuzi. Muite fundi, akupe makadirio yaliyoandikwa na kusainiwa. Kitu kisichotengenezeka kidai kwa thamani ya umri wake: televisheni iliyonunuliwa kwa 600,000 na kutumika miaka minne, ikiwa ulitarajia idumu minane, inadaiwa 300,000. Kumtoza mgeni bei ya mpya ni kumfanya akununulie samani, na hilo si haki. Kwa nyumba za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo zenye milango ya kuchongwa na kuta za mawe ya matumbawe, ulizia kwanza ofisi ya Mambo ya Kale kabla fundi hajagusa kitu, kwani majengo yaliyolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hayatengenezwi kiholela.

Jiulize pia sehemu yako katika ajali. Katika lile tukio la maji, hatukuwa tumebandika tangazo lolote wala kumwonyesha mgeni koki kuu ilipo. Kwa hiyo nilimshauri mwenye nyumba abebe nusu, na mgeni akalipa 180,000 bila ubishi. Leo kila bomba lina karatasi: "Maji yakikatika, tafadhali funga bomba."

Hatua ya tano: uliza kabla ya kudai

Ujumbe wangu wa kwanza huwa hivi: "Habari za safari, kaka. Tunashukuru kwa kukaa kwetu. Wakati wa usafi tumekuta kioo cha meza ya sebuleni kimepasuka. Picha ya siku mliyofika na ya leo hizi hapa. Tafadhali tueleze ilivyokuwa." Kiasi ninakitaja baada ya kupata maelezo yake. Wageni wengi hukiri wanapoulizwa kwa heshima, na baadhi yao walikuwa wameona aibu kusema wenyewe. Amana ikizidi hasara, salio lirudishwe siku hiyo hiyo pamoja na nakala ya risiti ya fundi.

Hatua ya sita: mgeni wa jukwaa

Aliyekuja kwa Airbnb usimtoze amana ya fedha taslimu mkononi. Tuma dai ndani ya mfumo wao, ndani ya siku 14 tangu mgeni alipoondoka. Mgeni hupewa saa 24 kujibu. Asipolipa, unaomba Airbnb iingilie kati. Ulinzi wao kwa wenye nyumba unafika dola milioni 3 za Marekani, lakini si bima, na haulipi uchakavu wala fedha taslimu zilizopotea.

Hatua ya saba: bima, yako na ya mgeni

Mweleze mtoa bima kwa maandishi kwamba nyumba inapangishwa kwa siku. Bima ya makazi iliyokatwa kama nyumba ya kuishi familia inaweza kukataliwa pale itakapobainika kuwa ni biashara. Uliza pia kiasi utakachobeba mwenyewe katika kila dai, kwa kuwa hasara ndogo huishia humo. Ukitofautiana na kampuni, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mgeni wa kigeni muulize kama ana bima ya dhima binafsi, yaani ile inayolipa hasara anayomsababishia mtu mwingine. Wajerumani wengi wanayo, na nyingi kati ya hizo hulipa uharibifu ndani ya nyumba ya kupanga. Mwandalie barua, picha na risiti.

Hatua ya nane: usimkate mfanyakazi

Nimeona mgeni akiondoka bila kulipa, kisha gharama ikakatwa kwenye mshahara wa mtu wa usafi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu makato ya hasara isipokuwa hasara imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, ameelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kupinga, na makato hayazidi robo ya ujira wake. Ajali ya mgeni haihusiani naye kabisa. Jioni ile ya mafuriko, dada wa usafi ndiye aliyekausha vyumba hadi saa sita usiku. Nilimlipa saa zake za ziada, na malipo hayo yamo ndani ya ile 360,000.