Somo: Pasi ya Tanzania, inavyopatikana na inakokufikisha

Wakuu, kila mtu huanza na swali la bei. Pasi ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Hela mtu atatafuta atapata. Kinachowarudisha watu nyumbani kutoka dirishani ni majina.

Hatua ya 1. Tandaza karatasi zako mezani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake kutoka NIDA (mamlaka ya vitambulisho), na cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au hati ya kiapo kama hana. Sasa soma herufi moja moja. Cheti kinasema Mwanahamisi Juma Ally, NIDA inasema Mwanahamis Juma Ali. Mtaani huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa ni watu wawili. Kasoro ya cheti ipeleke RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa (Zanzibar wana wakala wao), ya NIDA ipeleke NIDA, na umalize kabla hujagusa fomu. Pasi ikitoka na jina bovu, tiketi na viza zitalifuata bovu hilohilo.

Hatua ya 2. Jaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji. Utapewa namba ya ombi na namba ya malipo. Lipa 20,000 kwa simu au benki, kisha printi. Ukijazia steshenari, namba ya ombi iandike kwenye daftari lako. Usiiache kwenye kompyuta ya watu.

Hatua ya 3. Peleka fomu Uhamiaji pamoja na nakala na vyeti halisi. Watachukua alama za vidole na kukuuliza maswali mawili matatu kuhusu safari. Zile 130,000 zilizobaki nazo zinalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi. Wa getini anayejitolea "kukuharakishia" mpite tu.

Ukishaipata. Kenya na Uganda unaingia bila viza, na kwa itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki unaweza kukaa hadi miezi 6. Kusini ndiko pasi yetu inakotamba: Zambia, Malawi, Msumbiji, Botswana na Namibia bila viza, Afrika Kusini hadi siku 90. Wengi hawajui kwamba Singapore na Hong Kong nako unaingia bila viza. Ila wafanyabiashara wa Kariakoo mnisikilize: Hong Kong si Guangzhou. Ukitaka kuvuka kwenda China bara, viza ya China uwe nayo mkononi. Ulaya ya Schengen (nchi zinazotumia viza moja) ni viza, ada yuro 90 tangu Juni 2024, na akaunti yako ya benki wataichungulia.

MASWALI

*Mkuu, nina msiba Nairobi kesho. Kitambulisho cha NIDA si kinatosha?*
Pole sana. Hakitoshi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho, sisi hatumo kwenye mpango huo. Wahi ofisi ya Uhamiaji asubuhi uombe hati ya dharura ya safari.

*Pasi yangu imebakiza miezi mitano, naenda Singapore. Kuna shida?*
Ipo. Wanataka isiyopungua miezi 6, na watakaokuzuia ni wa kaunta ya ndege hapahapa Dar. Badilisha kwanza.

*Dada yangu kachukua uraia wa Uingereza. Abaki na pasi yetu kimyakimya?*
Asithubutu. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akija nyumbani aje na pasi ya huko.

*Nimeolewa mwezi uliopita. Niweke jina la mume?*
Hongera! Si lazima, dada. Ukilitaka, anza kulibadilisha NIDA, kisha uje na cheti cha ndoa. Kama tiketi umeshakata kwa jina la baba, safiri nalo hilohilo; la mume utaliweka ukirudi.