Jinsi ya kuonyesha "Listen" ya Doctor Who kwa keja Kisumu na wasee bado wasalimiane kesho

Tuelewane kwanza, hii si orodha ya epi (episodi za TV) za kutisha, epi ni moja na nishachagua. Ni "Listen" ya Doctor Who, ile show ya Uingereza ya msafiri wa wakati anaitwa Doctor, ilitoka BBC tarehe 13 Septemba 2014, Doctor ni Peter Capaldi, Clara ni Jenna Coleman, mwandishi Steven Moffat. Nimeichagua juu ndio ile epi mtu mmoja anainuka akisema hajawahi ona kitu kali hivyo, na mwenye wamebanana na yeye kwa sofa hiyo hiyo anauliza "sasa hiyo ilikuwa nini, mbona hatujaonyeshwa". Wote wawili wako sawa, na kazi yako kama mwenye nyumba ni kupanga usiku vizuri ndio huo ubishi utoke mtamu, usiwe wa kununiana.

Kama hujaiona na hutaki spoila ishia hapa, juu huwezi andaa hii kitu bila kujua inaisha aje.

Waite nani

Changanya watu. Ukiita mashabiki wa Doctor Who peke yao mtakesha mkizozana kuhusu Doctor gani alikuwa bora (ameigizwa na watu wengi), na show imeanza 23 Novemba 1963 kwa hivyo hiyo stori haina mwisho. Tafuta shabiki mmoja wa kitambo (Kisumu wako wengi, wamejificha tu, mara nyingi ni mwalimu ama fundi wa kompyuta), mtu mmoja wa muvi za horo, mtu hajui chochote kuhusu hii show, na mtu mzima mmoja, awe anti, awe mjomba, awe mama wa jirani, bora asikuwe mtu wa kuogopa TV. Huyo mtu mzima ndiye atawaokoa saa ya ubishi, nitafika hapo. Halafu kama unaweza pata mtu amelelewa ushago, Seme huko ama Vihiga ama Kisii, mwenye alilala utotoni akisikia nait rana (mtu wa kuzunguka usiku akitisha watu) akisugua mlango na kutupa changarawe kwa mabati, huyo usimwache. Epi yenyewe ni kuhusu kitu iko nje ya mlango na hujui ni nini.

Watoto wadogo walale kwanza. Hakuna damu hata tone, lakini kuna kitanda, na kuna kitu chini ya kitanda, na wewe ndiye utaamshwa saa tisa usiku.

Saa na mahali

Hapa kwetu giza linaingia karibu saa moja mwaka mzima kwa hivyo usijisumbue kungoja usiku wa manane, saa moja na nusu inatosha kabisa. Shida ya Kisumu ni mvua ya jioni. Ile ya radi, ikipiga mabati hata wofa ya mtaa mzima haisaidii, na hii ni epi ya kusikiza, nusu ya uoga wake ni kugonga kwa mlango na chuma ikilia. Angalia mawingu ya upande wa Nandi kuanzia saa tisa, ukiona yamekuwa meusi sukuma siku ama tafuta nyumba iko na dari. Weka sabutaito hata kama kila mtu anasema Kizungu anakijua, juu Capaldi ni Mskoti na akianza kuongea mbio kuna watu wataanza kutazamana.

Mbu na wale wadudu wa ziwa wanafuata mwanga, ukizima taa zote wanakuja wote kwa skrini, kwa hivyo acha taa ya veranda ikiwaka iwavute huko nje na ufunge madirisha mapema. Joto litawasumbua, lakini fenyi ikae mbali na spika. Epi iwe imepakuliwa tayari kwa laptopu, hakuna kitu inaua uoga kama kile kiduara cha kulodi kinazunguka mlango ukikaribia kufunguka. Na laptopu iwe na charji, stima ikipotea laptopu inaendelea, mnabanana mbele yake tu, na nakwambia siku hiyo itatisha zaidi.

Vyakula viwe vya kimya. Njugu zilizomenywa, mandazi, soda. Krisps zinalia, peleka jikoni.

Mambo ya kumwambia mgeni kabla ya kubonyeza plei

Usimpe historia. Mwambie tu Doctor ni mtu si wa dunia hii, anasafiri kwa wakati na kisanduku cha bluu, akikaribia kufa anabadilika sura kwa hivyo usishangae ukiskia kulikuwa na wengine. Clara ni mwalimu anasafiri na yeye. Danny ni mwalimu wa hesabu, alikuwa mwanajeshi, na ndio anaanza deti na Clara. Basi. Akiuliza kisanduku kinafanya kazi aje mwambie hata wao hawajui.

Kitu kingine mwambie: kuna vipande vya deti kwa hoteli, vinakuja vinarudi, asidhani mmebadilisha chaneli.

Wakati inaendelea

Simu zinakaa kwa meza zikiangalia chini. Shabiki wa kitambo hawekwi mbele, anakaa nyuma ya wote, juu ana ile tabia ya kuangalia sura za watu kabla kitu kifanyike na ukishaona amegeuka unajua inakuja. Hakuna kupauzi.

Wewe mwenyewe jua mahali pa kunyamaza kabisa. Pa kwanza ni chumba cha mtoto Rupert, kwa makao ya watoto huko Uingereza. Clara anaingia chini ya kitanda na mtoto kumwonyesha hakuna kitu, wanaongea hapo chini vizuri, halafu godoro linashuka. Mtu amekaa juu yao, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Wanatoka wanapata kitu kimekaa kitandani kimefunikwa blanketi yote, na Doctor, badala ya kuvuta blanketi kama mtu yeyote wa kawaida, anawaambia wageuke waangalie dirisha na waahidi hawatakitazama. Blanketi inateremka nyuma yao na wewe unaona umbo tu, ukungu ukungu, kamera imekataa kulilenga. Hapo ndio watu wanagawanyika bila kujua. Kuna mtu atasogea mbele kwa kiti kujaribu kuona, na kuna mtu ataangalia pembeni. Waweke akilini hao wawili, utawahitaji.

Pa pili ni mwisho wa wakati. Orson Pink, msafiri wa wakati wa siku za mbeleni, amekwama peke yake mahali ulimwengu wote ushaisha, hakuna kiumbe kingine popote, na bado usiku anafunga mlango na ameandika onyo usifunguliwe. Halafu mlango unagongwa. Inaweza kuwa chuma cha chombo kinapoa tu, vile mabati ya hapa hulia jua likizama, maelezo ya kawaida yako hapo hapo na Moffat anakupatia makusudi. Doctor anaamua kufungua. Hatuonyeshwi ameona nini.

Pa tatu sitaelezea sana, ni ghalani, mtoto analia kitandani usiku, Clara amejificha chini, na mtoto akishusha miguu kutoka kitandani Clara anamshika kifundo kwa kushtuka. Huyo mtoto ni Doctor mwenyewe.

Piga kura kabla watu waongee

Hii ndio siri yote ya mwongozo huu. Ikiisha tu, kabla mtu afungue mdomo, pitisha vikaratasi na swali moja: kwa kitanda cha Rupert kulikuwa na nini? Mtoto mwingine wa hayo makao anacheza, ama zimwi, ama sijui. Vikusanye uvisome kwa sauti bila majina. Usipofanya hivi shabiki wa kitambo ataongea kwanza na watu watamfuata, mtapoteza usiku. Ukifanya hivi utashangaa vile mchele ni mmoja na mapishi ni mbalimbali.

Kwa kawaida utapata kambi tatu, na kila moja ina dawa yake.

Kambi ya kwanza ni wale wa "tumetapeliwa". Mara nyingi ni mtu wa horo. Anasema ulinionyesha blanketi, ulinionyesha mlango, lipa deni. Usimwambie hajaelewa, hiyo ndio njia ya haraka ya kuharibu urafiki, na enyewe ana pointi, juu kama hakuna kitu kabisa basi lile umbo la blanketi inabidi uliseme ni mtoto wa kawaida ametoroka chumba chake na kutoka kimya bila neno, inawezekana lakini unajikaza. Muulize tu aliogopa saa ngapi. Atakwambia kwa kitanda. Mwache hapo, ashajijibu.

Kambi ya pili ni wale wamependa mpaka wanakera, wanasema hakuna zimwi, zimwi ni uoga, Doctor ameota ndoto moja maisha yake yote juu ya mkono ulimshika utotoni na huo mkono ulikuwa wa rafiki yake. Mimi niko hapa, sifichi. Lakini hawa usiwape nafasi ya kuhutubu. Waulize nani aliandika neno "listen" kwa ubao wa Doctor mwanzoni, chaki ikibingiria sakafuni. Watapunguza sauti kiasi.

Kambi ya tatu ni shabiki wa kitambo amekasirika, na hasira yake haina uhusiano na zimwi. Anauliza ni nani alipea Clara ruhusa ya kuingia utotoni wa Doctor. Kwake Doctor anafaa abaki fumbo, na sasa tumeonyeshwa analia kitandani na msichana wa dunia ndiye amemfunza kuogopa vizuri. Hii hasira heshimu. Halafu mkumbushe lile ghala lilikuwa kwa epi ya kusherehekea miaka 50, Novemba 2013, kwa hivyo Moffat hajaliokota njiani.

Hapa ndio mtu mzima anaingia. Kwangu alikuwa anti wa jirani, amekula mandazi yake pole pole muda wote, akaulizwa kuhusu kitu cha blanketi akasema, "Huyo ni mtoto wa hapo hapo, apigwe mboko alale." Ubishi wa nusu saa ukaisha kwa kicheko. Na wale vijana wawili wa Seme, wametoka kijiji kimoja, mmoja akasema yule wa mlangoni kama ni jajuok (ndio nait rana kwa Kijaluo) basi ni mvivu, hajatupa hata jiwe moja. Mwenzake hakucheka. Alikuwa ashahamisha kiti kutoka ukutani mapema, na akasema kwao walikuwa wanajua jina la mtu mwenye anagonga, walimjua hadi boma, kwa hivyo walikuwa wanaogopa mtu. Hii ya kugongwa na kitu haina jina wala boma ndio ilimmaliza. Hiyo pointi sijaskia shabiki yeyote akiitoa vizuri hivyo.

Kueleza mambo ya wakati bila kuchanganya mtu

Mgeni atauliza nani alianza. Chukua vifuniko vya soda upange kwa meza. Kifuniko kimoja ni kile kiaskari cha plastiki hakina bunduki. Kinaanza kwa makao na Rupert, Rupert anakua na kubadilisha jina, ndiye Danny, kinashuka kwa familia hadi kwa Orson, Orson anampa Clara, Clara anakiacha na yule mtoto wa ghalani. Kinarukaruka karne lakini kina mwanzo, kilinunuliwa dukani na mtu fulani.

Sasa weka kifuniko kingine, hayo ni yale maneno kuhusu uoga kuwa nguvu. Doctor anamwambia Rupert, Clara anaskia, Clara anarudi kumwambia Doctor akiwa mtoto, Doctor anakua na kuja kumwambia Rupert. Zungusha kifuniko mezani hadi mgeni aone hakuna mahali kilianzia. Hakuna mtu aliyatunga. Na mkono wa chini ya kitanda ni hivyo hivyo, Clara alienda huko juu Doctor aliogopa, na Doctor aliogopa juu Clara alienda. Kuna watu hapa watafurahi sana na kuna watu watashika kichwa waseme hiyo ni kudanganya. Usisukume. Kama mtu anataka hadithi ziwe na mwanzo hutambadilisha na vifuniko.

Kufunga usiku na wiki inayofuata

Usiwaachilie moja kwa moja gizani. Washa taa, weka muziki dakika kadhaa, anti asindikizwe hadi mlangoni, na wa Nyamasaria na Mamboleo wapande boda wawili wawili, watakataa wakisema hawaogopi ila watapanda.

Wiki inayofuata weka "Blink" ya 2007, ya Moffat huyo huyo, ile ya sanamu zinasonga usipoziangalia. Zipange hivyo makusudi, juu kwa "Listen" unaambiwa usitazame na kwa "Blink" unaambiwa usipepese, na kambi ya kwanza watalipwa deni lao na riba, zimwi wataliona na meno. Kama baada ya hapo bado kuna watu wanataka kile hakionekani, "Midnight" ya 2008 ndio yao, hiyo ni ya Russell T Davies na watu wamefungiwa chombo kimoja na sauti. Ila hiyo usiionyeshe siku kuna mtu amehamia ploti juzi na hamjazoeana, mkiiona mtaelewa mbona.