Jinsi ya kutumia ARPA (mtambo wa rada unaofuatilia meli nyingine na kupiga hesabu zake) kukwepa kugongana, kwa vijana wanaoshika zamu pwani ya Mtwara na Lindi

Kabla hujachagua meli yoyote kwenye skrini angalia kwanza rada inachukua spidi ya wapi. Kwa kukwepa kugongana inatakiwa spidi ya kwenye maji, ile ya logi (kipimo cha spidi ya meli ndani ya maji), sio ya GPS. Huku kwetu hili ni muhimu mno maana mkondo wa nje unaenda kaskazini mwaka mzima na kipindi cha kusi unakaza zaidi, sasa ukiweka ya GPS mishale (ile mistari ya mwendo wa kila meli kwenye skrini) inakuonyesha meli zinakosukumwa na sio omo zao (sehemu ya mbele ya meli) zilikoelekea, wakati sheria za njia za baharini zinataka ujue omo ya mwenzako imeelekea wapi.

Ukishachagua meli, ndani ya dakika 1 unapata picha ya awali tu, tulia mpaka dakika 3 ndo uamini, na mmoja wenu akigeuza subiri tena. Soma CPA (mtapishana karibu kiasi gani) na TCPA (baada ya dakika ngapi). Mishale ikiwa ya rilativu (mwendo wake ukilinganishwa na wako) na wa yule ukapita pale ulipo wewe, mnagongana. Mishale ya kweli inakupa kozi yake halisi, na watu wanazichanganya sana hizi mbili, kwahiyo kila ukipokea zamu cheki iko ipi.

CPA ikiwa ndogo, jaribisha kozi mpya kwenye rada kabla ya kugusa usukani, halafu geuza mapema na kwa digrii nyingi ili mwenzako aone. Kwenye ukungu au mvua nzito kama hamuonani na yuko mbele yako usigeuze kushoto, labda uwe unampita. Mwaka 1956 Andrea Doria na Stockholm ziligongana kwenye ukungu huko Marekani, zote zina rada, Andrea Doria ikageuka kushoto, wakafa watu 51.

Na jamani ngalawa na mitumbwi! Mbao hairudishi mawimbi ya rada vizuri, na kusi ikichafua bahari ukizidisha kufuta makelele ya mawimbi ya bahari kwenye skrini unawafuta na wavuvi humo humo, ARPA haiwezi kufuatilia kitu ambacho rada haijakiona. Futa kidogo kidogo, na weka mtu wa kuangalia nje kwa macho, hasa usiku ukikaribia Mikindani au Msimbati.