Somo: Choroko za kuotesha na juisi, kwa sisi wenye tumbo korofi

Msimu wa embe uliopita niliamua kujitibu. Nikasaga embe mbili na kipande cha tikiti, nikanywa glasi nzima kabla ya chai. Saa tano nilikuwa nimejikunja kitandani, tumbo limejaa kama ngoma. Embe na tikiti zina sukari nyingi iitwayo fruktosi, na matumbo yetu mengine hayawezi kuinyonya yote. Inayobaki inachachushwa na bakteria huko chini. Kwa hiyo hapa tunakwenda polepole. Lakini ukiona damu kwenye choo, au unakonda bila sababu, acha kusoma uende hospitali.

1. Nunua choroko za kula. Mbegu za kupanda huwa zimepakwa dawa. Nusu kikombe cha chai inatosha watu wawili. Chambua, osha.

2. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tumia chupa ya mdomo mpana, funika kwa kitambaa chepesi ulichokichemsha.

3. Asubuhi mwaga maji, suuza, kisha iegeshe chupa kichwa chini ndani ya bakuli. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Maji yakituama, choroko zinateleza na kunuka. Suuza asubuhi, mchana na jioni. Kwa joto la Dar, siku ya pili utaona vimkia vyeupe vimechungulia, na ganda la kijani linavuka lenyewe ukilisugua. Siku ya tatu zitoe. Harufu iwe kama ya njegere mbichi. Ikiwa chachu, mwaga, wala usionje.

4. Zipike. Najua wapo wanaozila mbichi na kuzisifia. Ila joto na unyevu unaootesha choroko ndio huohuo unaozalisha bakteria, na kuosha hakuwamalizi. Mwaka 2011 kule Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria wa E. coli waliofuatiliwa hadi kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa. Uwatu huuhuu wetu. Mimi nachemsha dakika 10, natia chumvi na tui jepesi. Siku ya kwanza vijiko viwili vya mezani, basi.

5. Juisi ije baada ya siku tatu, choroko zikikupokea vizuri. Ukianza vyote pamoja, tumbo likigoma utamlaumu nani? Paraza karoti mbili, kamua kwa kitambaa safi, ongeza maji kiasi kilekile. Robo glasi, baada ya chakula, bila sukari, na inywe palepale. Karoti ikikubali, jaribu papai. Sio vyote kwenye blenda moja!

Maswali

*Dada, maharage mekundu yanafaa?*
Hapana. Yana sumu ya lektini, na kuota hakuiondoi. Maharage loweka, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali.

*Shikamoo mama. Bibi anaotesha ulezi wa kimea, nami nina mtama mwingi. Niuoteshe nile?*
Marahaba mwanangu. Usile miche ya mtama, inatengeneza sumu ya sianidi. Kimea ni jambo jingine: hukaushwa, vimizizi na vichipukizi vikaondolewa, kikasagwa, kisha kikapikwa kwenye uji. Muulize bibi akuonyeshe, hiyo ni elimu kubwa kuliko ya kwangu.

*Nina vidonda vya tumbo, nimeambiwa juisi ya kabichi itavimaliza.*
Vidonda vingi vinaletwa na bakteria wa H. pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki. Kapime, utumie dawa na uzimalize. Kabichi mbichi yenyewe ina gesi, mimi ilinifukuza kwenye kikao.

*Nimekunywa juisi ya bitiruti, leo mkojo mwekundu. Naogopa.*
Ni rangi ya bitiruti. Iache siku mbili. Wekundu ukibaki, nenda kapime.

*Zangu zimetoa vijani na zina uchungu kidogo. Nimekosea wapi?*
Umezichelewesha, na zimepigwa na mwanga. Ziweke kabatini, au funika chupa kwa kanga. Hizo ulizonazo, kama hazinuki, tia kwenye mchuzi ziive vizuri.